Arobaini

Mhariri alinipa maneno arobaini.
"Yakizidi yanakula tangazo la saruji," akasema,
nami, mwaka wangu wa pili kazini, nikahesabu kwa kidole:

"Mwanamke asiyefahamika, anayekisiwa kuwa na umri
wa miaka thelathini, amekutwa amefariki dunia
katika shamba la mkonge eneo la Pongwe.
Polisi wamesema chanzo cha kifo ni ulevi.
Mwili umehifadhiwa katika hospitali ya Bombo
ukisubiri ndugu. Wananchi wameaswa
kuacha pombe za kienyeji."

Kamili. Nikalipwa elfu tatu,
nikanunua nazi mbili na muda wa maongezi.

Hiyo ni Machi. Juni akaja wa pili,
Kange, nyuma ya gereji. "Amegongwa na gari."
Gari lipi? Hakuna aliyeuliza, mimi nikiwamo.
Septemba wa tatu, Mabokweni. "Amejinyonga,"
ingawa alikutwa amelala chali chini, viatu vimepangwa
kando, kama vya mtu aliyeingia msikitini.
Hao wawili hata arobaini hawakupata.
Wiki zile palikuwa na ziara ya waziri.

Nalisema hili mapema
nisije nikajifanya shujaa mbele yenu:
sikuona kitu. Aliyeona ni Bi Mwanakombo
wa Barabara ya Kumi na Sita, Ngamiani,
anayeosha maiti za kike zisizo na mtu.
Alimtuma mjukuu wake kwa baiskeli, aniite.

Mikono yake ilinukia karafuu maiti.
"Aibu ya maiti aijuaye mwosha," akaanza,
nikadhani ananifukuza kwa methali.
"Miaka ishirini na saba nafukia siri za watu.
Mimba. Makovu. Jina la mume wa mtu, limechanjwa pajani.
Sikumwambia hata marehemu mume wangu."

Akaweka mkekani kamba ya mkonge,
urefu wa dhiraa, fundo moja katikati.

"Wote watatu, hapa." Akagusa nyuma ya sikio langu
na kidole chake kilikuwa baridi.
"Alama ya fundo. Fundo hilohilo, upande uleule.
Nilimweleza yule koplo. Akaniuliza
nimesomea udaktari chuo gani."

Nje muuza kahawa aligonganisha vikombe, akapita.

"Hii si aibu ya maiti, mwanangu.
Hii ina mwenyewe, na yu hai, na leo amekula mchana."

Nilikwenda Pongwe siku sita.
Fundo lile kila mfunga robota analijua;
wanaume mia na ushei, kila mmoja na vidole kumi.
Wawili walinicheka. Mmoja alinifuata hadi barabarani
asiseme neno, kisha akageuka.
Wahenga walimpa mwizi siku arobaini.
Muuaji hawakumpa hesabu.

Siku ya sita mama wa uji akaniuliza,
akipangusa kikombe kisichokuwa kichafu:
"Unamtafuta aliyemuua nani? Mtaje."
Sikuwa na la kumtaja.
Akaingia ndani, akarudi na beseni.

Usiku huu naandika upya ile ya Machi.
Mhariri atauliza urefu. Nitamwambia ahesabu mwenyewe:

"Somoe binti Likwata, wa Newala,
alifika Pongwe kwa lori la mitumba
akiwa na beseni la bluu na mtoto mgongoni.
Aliuza vitumbua. Alifunga Jumatatu na Alhamisi.
Hakunywa. Mkopo wake wa mwisho,
kilo mbili za mchele, aliulipa siku moja kabla.
Mtoto anaitwa

na hapa ndipo mkasi ulikuwa ukishuka

Zaituni.